Komeo la Upande wa Nje

Sogeeni, wanangu, na acheni hicho kilio, bado sijafa. Brashi na ngazi achukue kifungua mimba, maana mwenzake hata bango la bucha hawezi kuliandika likanyooka. Nyumba ni yenu watatu. Lililobaki lisikieni wote, lakini wewe binti yangu, niliyekulea tangu vita, kaa hapa karibu na kichwa changu.

Ile picha ya ukumbini, yenye urefu wa hatua kumi na nane, niliyoichora miezi saba juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja, mnaijua: ndege za vita juu, soko linawaka, na katikati mwanamke anagonga mlango. Wasomi walikuja na madaftari yao wakasema mwanamke ni taifa, mlango ni dunia iliyotupa kisogo. Walipoona komeo liko upande wake, upande wa nje, wakasema hapo fundi kaficha maana nzito. Nikaitikia kwa kichwa, nikavishwa nishani. Maana gani! Nilikosea. Niliuchora mlango kama nilivyouona siku ile, na mimi niliuona kwa ndani.

Ulikuwa mlango wetu huu. Mwanamke yule ni mama yako, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Nilikwambia alifia sokoni, nilikudanganya. Alikuja kukuchukua, nawe ulikuwa humu ndani unacheza na kaka zako, hujatimiza miaka miwili. Aligonga, akaita, "Shemeji, nifungulie!" Mabomu yalikuwa yanaangukia mtaa wa nyuma, na mimi nikalishikilia komeo kwa mikono miwili, mwanamume mzima. Akaita tena, akataja jina lako. Halafu akanyamaza. Naona haya, mwanangu. Miaka yote hii ukiniita baba, nilikuwa naona haya.

Nishani irudisheni. Chini ya picha bandikeni kibao kiseme mchoraji alikuwa ndani na hakufungua. Komeo msilirekebishe. Ninyi wawili, ole wenu mkimshurutisha mdogo wenu anisamehe. Hiyo ni juu yake.

Maji... basi, yaache. Mungu awatunze. Awape moyo... kuliko huu wangu.

Nawe ukitaka kutoka, toka, sikulaumu hata kidogo. Ila huo mlango... usiufunge, mama. Uache wazi.