Bibi Harusi wa Bima

Mimi tangu nizaliwe sijapata kudukiza maneno ya watu. Juzi tu, ndani ya basi la uwanja wa ndege Jeddah, nilipitiliza kituo changu makusudi. Jabir, dereva wa kampuni, alikuwa akimlalamikia Wahida, karani wa kampuni nyingine aliyekutana naye humo humo. "Mke wangu ana presha, dada. Kazini wanasema orodha ya bima imefungwa mpaka Januari, ila kwa aliyeoa karibuni. Nikawaambia nimeoa wiki iliyopita."

"Na umeoa kweli?"

"Wallahi! Bibi harusi mbichi, ndiyo naenda kumpokea." Akatikisa shada la maua lililokuwa mkononi mwake.

"Hongera, kaka. Lakini kwetu hata mke wa zamani, akishapata ikama mpya, yaani kibali cha ukaazi, huandikishwa wakati wowote. Nenda kaulize, pengine na kwenu ni hivyo."

Jabir uso ukamchanua, kisha akajikaza. "Mie nimeoa juzi, halas!"

Basi likasimama. Simu yake ikalia, akaipokea, na sauti ya mwanamke tukaisikia sote: "Baba, mama ameshatua? Mwambie wajukuu zake watatu huku wanamlilia!"