Sinia ya Jumamosi

Benchi letu liko mtaa wa Turffontein, chini ya dirisha la jiko la Yolande, na mimi Seif ndiye mwenye birika la kahawa. Nyumba ni ya vyumba vya kupanga, na Yolande, mama wa Kirundi, ndiye mpishi wa wapangaji. Jumapili asubuhi Balthazar, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, alikutwa amefariki kitandani. Polisi waliuchukua mwili, wakasema watarudi leo kuandika maelezo ya kila mtu. Tangu siku hiyo Yolande hajawasha jiko, maana mtaa mzima unasema ni chakula chake. Maneno hayo yalianzia hapa kwenye benchi langu, na yananiudhi, ila birika halichagui mnywaji.

Wa kwanza kufungua mdomo leo alikuwa Jaji. Jina lake ni Parfait, Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa geti la mahakama. Kwa kusimama nje ya sheria miaka yote, anadhani imemwingia.

— Témoin, shahidi, hasemi nilisikia. Anasema niliona. Na miye niliona Yolande analeta chakula kwa mikono mbili. Mutu analeta chakula kwa mikono mbili juu ya nini?

— Adabu, — nikasema.

— Adabu gani ya kuzidi hivyo?

Robot akamuunga mkono. Huyu ni Steve, Mkenya anayeuza chaja magari yakisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na jina likamganda.

— Maze, wahenga walisema lisemwalo lipo. Sisi ndio tunasema, so lipo.

Égide, tunayemwita Daktari kwa sababu anauza mizizi Newtown, alisema kuna sumu inayolala tumboni ikisubiri mtu mwenyewe alale. Jaji akasema hiyo ni ya kizamani, siku hizi sumu inatumwa kwa simu, unapokea tu, umekwisha. Robot akaleta habari ya cherehani ya marehemu, kwamba ilikuwa ya mtu aliyekufa akishona sanda, na Yolande ndiye aliyemwonyesha Balthazar duka la kuinunua. Nikawakumbusha kwamba Balthazar alikuwa akishika kifua kila akipanda ngazi.

— Eish, Seif, — Robot akasema. — Hiyo ni ndogo sana. Polisi hawawezi kuandika hiyo.

Dirishani mfuniko ulianguka sakafuni. Sote tulisikia. Nilitaka kuwaambia wanyamaze, nikaishia kumimina kahawa.

Hapo akaja mwanamke na begi la safari. Akasema anaitwa Goreth, dada wa Balthazar, ameshuka basi la Durban sasa hivi. Tukampa pole, tukampisha akae, nami nikampa kikombe. Jaji, bila kuombwa, akamweleza ushahidi wote, tangu mikono miwili hadi cherehani. Goreth alimsikiliza mpaka mwisho.

— Alikula nini jioni hiyo?

— Sombe na bugali, — Jaji akajibu, maana kwao kisamvu ni sombe.

— Na wewe ulikula nini?

Jaji alitazama vidole vyake. Robot akageukia barabara. Daktari akainua kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

Jumamosi kwenye benchi hili hakuna sahani ya mtu. Yolande hutoa sinia moja, nzito, haibebeki kwa mkono mmoja, na sote tunakula humo. Ndivyo tulivyokula na Balthazar. Robot ndiye aliyekomba mchuzi wa mwisho, na wala hakupiga chafya.

Goreth akasimama, akalisogelea dirisha.

— Mama Yolande, mimi ni dada yake Balthazar. Nimetoka mbali na nina njaa. Naomba unipikie kile alichokula kaka yangu.

Nikaona aibu, nikalionea aibu benchi zima.

Kisha tukasikia kiberiti kinawashwa.