Mguu wa Kukanyagia Viazi

Macario alijifanya amelala juu ya magunia, maana lori likipanda mlima hakuna redio tamu kuliko ugomvi wa watu.

"Kumbe ni wewe uliyemwambia mume wangu ainue mguu mara thelathini kwa siku!" Mama Saturnina alimvaa Nélida, yule binti anayezunguka vijijini kunyoosha viungo vya wagonjwa. "Ainue hewani tu, kama mbwa anayekojolea ukuta! Majirani wamecheka mpaka basi."

"Kiharusi hakingoji majirani wamalize kucheka, mama. Mguu usiofanya kazi unasahau kazi."

"Basi upe kazi! Kwetu mguu hauinuliwi bure."

Nélida akamsogelea. "Viazi vyenu mlivyoanika kwenye baridi vimeshaganda?"

"Vimeganda. Kesho tunavikanyaga vitoke maji, vikauke vya akiba."

"Mumeo naye akanyage. Peku, kama kila mwaka."

"Ataanguka!"

"Akushike mkono."

"Mbele za watu? Miaka arobaini hajanishika mkono hata kanisani!"

"Ataanza kesho. Na Alhamisi nitakuja kumwona, hata kama lori halipo, hata kwa miguu."

"Usijisumbue. Nimekataa."

Macario alifumbua jicho moja. Mkewe naye hukataa kupika hivyo hivyo, halafu anaulizia chumvi iko wapi.

Lori likasimama. Mama Saturnina akashuka na furushi lake, akaenda hatua tatu, akarudi, akagonga ubao wa lori kwa ngumi.

"We binti! Anishike mkono upi?"