Mafundo Matatu ya Mzee Hilari

Mzee Hilari ameitumikia ofisi yetu ya Mkoani miaka thelathini na moja, na tarehe thelathini Juni anakabidhi funguo. Ilikuwa bado miaka miwili afikie kustaafu. Anaondoka kwa sababu macho yamekwisha, nami sitalipamba hilo. Nasema mie Mwanakhamis, mpika chai na mfagiaji; Rahma wa masjala ananiandikia, maana shule sikwenda.

Alikuja kutoka bara, kijana mwembamba, fundi wa simu. Kompyuta zilipoingia akapewa chumba cha swichi. Swichi ni sanduku la vitundu. Kila kitundu huitwa poti, na kila poti ina taa yake. Ufunguo wa ziada nilikuwa nao mie, basi Mzee akiwa safarini Ole au Mtambile na mtandao ukaanguka, hunipigia. Vibandiko vya majina kwenye nyaya siwezi kusoma. Akachana kanga kuukuu, akanifungia vipande kwenye nyaya za maana: fundo moja, waya wa meneja; mawili, tranki, yaani waya mmoja ubebao mizigo ya vyumba vyote; matatu, aplinki, yaani njia itokayo kisiwani kwenda kwa watu wengine.

Vilani, yaani kuugawa mtandao mmoja mafungu, alinieleza hivi: nyumba moja, vyumba mbalimbali, wa mishahara asisikie ya masjala. Nikamwambia anifungie na kwangu, mawifi wanachosha.

Siku moja Jaribu wa stoo alikuta waya unaning'inia, akaona uchafu, akauchomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Hiyo ndiyo lupu: maneno yanazunguka mle mle, hayatoki. Taa zikapepesa zote kwa pamoja, ofisi nzima ikasimama. Mzee yuko Ole. Akaniuliza kwa simu, "Bi, hakuna waya hapo unaorudi kulekule ulikotoka?" Nikauona, nikauchomoa. Jaribu mpaka leo hapiti karibu na mlango ule.

Mafundi sita wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa mjinga. Mie nilimwita yeye mjinga mara nyingi, kwa kutokula mchana.

Mwaka jana nikamwona anapapasa mafundo, uso ameuelekeza ukutani. Yale aliyonifungia mie, sasa yanamfaa yeye. Februari hii akasema taa ya aplinki ni ya kijani.

"Mzee, hiyo ya njano."

Akakaa kitini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuniuliza rangi nawe umesimama mbele yake."

"Na hukumwambia mtu."

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa meneja, akasema. Mie nililia jikoni, chai ikamwagika.

Sasa zimekuja swichi mpya, na vibandiko vilivyochapwa. Matambara yanaondolewa. Anakwenda kwa bintiye Modester, bara. Kile kipande cha aplinki nimekichukua na mafundo yake matatu, nimekifunga kwenye mkono wa begi lake, ili mabegi yakimwagwa gatini apapase, alijue lake bila kumwomba mtu.

Ahsante, Mzee, kaka yangu. Wewe na kanisa lako, mie na swala zangu, tuombeane. Ule, ulale, uzeeke kwa raha. Na simu ikilia, ujue ni mie. Nitakwambia leo taa zina rangi gani.