Bi Kijivu na Kitufe Kilichogoma

Tarehe 30 mwezi huu, Bi Kijivu anastaafu baada ya kukitumikia kitengo cha tovuti cha chuo chetu kwa miaka ishirini na minne.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya usajili. Tovuti ilipoingia, wenzake walikimbilia picha zinazochezacheza. Yeye akabaki na violezo, yaani kurasa zinazoandikwa mara moja, kisha mashine ikajaza jina, picha na kiungo cha kila mwanafunzi. Huvisoma kwa rula ya mbao, akiiteremsha kwenye skrini mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. Rula hiyo imekwaruza skrini tatu, na mtunza stoo hamsalimii mpaka leo.

Kwa majaribio alimbuni mwanafunzi asiye na picha, mwenye jina la herufi tisini na alama za kunukuu katikati. Ukurasa ukimpokea huyo bila kuvurugika, utampokea yeyote. Mwaka mmoja ofisi ya usajili ilimwandikia mwanafunzi huyo barua mbili za onyo kwa utoro.

Lakabu yake ina kisa. Miaka tisa iliyopita, siku ya mwisho ya maombi, kitufe cha Tuma kiligeuka kijivu na kugoma kubonyezeka. Mlinzi wa getini alipanda hadi ofisini na simu mkononi, akiuliza bintiye amekosea wapi. Fomu ameijaza yote na saa kumi, mwisho wa kupokea maombi, inakaribia. Rula ikashuka hadi mstari wa arobaini na moja. Kulikuwa na mtu aliyeamuru kwamba fomu ikikamilika, kitufe kiandikiwe "kimezimwa: hapana". Kumbe kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, hakisomi jibu. Kikiliona tu neno la kuzima, kinazima. Ni sawa na kutundika kibao cha "Tumefunga" mlangoni, kisha ukaandika chini yake kwa kalamu "si kweli".

Bi Kijivu alipanga neno hilo liandikwe fomu ikiwa na pengo tu. Ikikamilika, lisiwepo kabisa. Saa tisa na dakika hamsini kitufe kikafufuka, na mlinzi akashuka ngazi mbilimbili.

Kwenye ripoti, penye nafasi ya mkosaji, aliandika jina lake. Ukuu wa kitengo uliokuwa njiani ukampita, na lakabu ikamganda.

Mstari ule niliuandika mimi, nikiwa kwenye mwezi wa pili wa majaribio ya kazi. Nilipotaka kwenda kukiri, aliniambia nikae nimalize kazi. Nikakaa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka tisa, na nimeona haya kila siku alipotaniwa mbele yangu.

Mama yetu, asante kwa kunisitiri. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu. Jana nilimpelekea mkuu wa chuo ripoti iliyosahihishwa, na jina lililomo ni langu.