Ramani ya Ubongo wa Panya na Mkono wa Mama Wembe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wageni waalikwa, wenzetu wa idara zote:

Karibu sana. Sisi wafanyakazi wa maabara ya ubongo tumefurahi kukuona, na kwa heshima yako leo tumevaa makoti yaliyopigwa pasi, jambo ambalo kwetu ni nadra.

Kazi yetu

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali, na kila kemikali ina vipokezi vyake. Kwa miaka sita tumechunguza, katika ubongo wa panya, ni wapi jeni za vipokezi hivyo zinafanya kazi sana na wapi kidogo. Kila ubongo hugandishwa, kisha fundi wetu, tunayemwita Mama Wembe, huukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Yupo tangu siku ya kwanza, na hata wenye shahada mbili amewafundisha yeye kushika brashi ya kulazia vipande hivyo kwenye kioo.

Mafanikio

Ramani imekamilika: vipokezi ishirini na vinne, kuanzia ubongo wa mbele hadi ubongo mdogo wa nyuma. Furaha tuliyonayo hatuwezi kuificha.

Changamoto

Mgeni rasmi, hapa tutasema kweli tupu. Kabla ya kukata, ubongo ukiwa tayari kwenye mashine ya kukatia, fundi hutoboa tundu la sindano upande wa kushoto wa ubongo, maana kipande kikishalazwa kwenye kioo huwezi tena kujua kushoto na kulia. Mwaka jana chumba kilipakwa rangi, na mashine ikarudishwa ikiwa imegeuzwa. Mkono ukafuata mazoea, na panya tisa wakatobolewa kulia.

Miezi mitatu tulikuna vichwa. Jeni moja ilichangamka kushoto kwa panya hawa, kulia kwa wale. Tukaanza kunyoosheana vidole. Ndipo Mama Wembe alipoingia kikaoni na daftari lake la tarehe.

"Msitafute mchawi," alisema. "Mkono ni wangu, tangu rangi ipakwe."

Hakuna aliyekuwa akimshuku. Angenyamaza, ramani ingebaki na kasoro mpaka leo. Tuligeuza picha za panya wale tisa, kila kitu kikakaa sawa. Wiki iliyofuata ofisi ikamwandikia kwamba mkataba wake hautaongezwa. Unaisha Ijumaa hii.

Maombi

Tulikuwa na maombi manne. Asubuhi tumefuta matatu, usije ukatukubalia friji ukadhani umemaliza. Lililobaki ni moja: Mama Wembe abaki.

Hayupo hapa ukumbini. Amesema ubongo ukishatoka kwenye barafu haungoji hotuba. Utakapopitishwa chumba cha baridi utamkuta, na tafadhali usimwambie tumemwombea, atatununia. Mwambie tu aje Jumatatu.

Tunakutakia afya, safari njema na kalamu nyepesi.

Ni sisi, wafanyakazi kumi na watatu wa Maabara ya Ubongo, tukimhesabu na yeye.