Tata Badibanga, Aliyeshika Modemu

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi saba ya utumishi, Tata Elisée Badibanga, fundi wetu wa intaneti za majumbani, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024. Uongozi wa kampuni yetu, Mawimbi ya Lualaba, umeniomba niandike wasifu mfupi, wenye furaha, usiomsema mtu vibaya. Kati ya masharti hayo matatu, la kwanza nitalitimiza.

Aliajiriwa Novemba 1994, enzi za simu za waya. Kazi yake ilikuwa kufunga upya nyaya za shaba zilizoibwa, katika mji uliokalia shaba, ambako wapo walioona ni nafuu kuchukua ile iliyokwisha kuchimbwa, kusafishwa na kutundikwa juu ya nguzo. Waya alioufunga Jumatatu, Jumatano ulikuwa umeshasafiri. Ndipo kampuni, kwa busara yake kubwa, ilipohamia intaneti isiyo na waya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amegundua namna ya kutia hewa ndani ya gunia.

Wakati huo Tata Badi, yaani Baba Badi kama tunavyomwita, alipewa mkoba mpya, kompyuta ndogo ya kupimia mawimbi na mafunzo ya siku mbili. Mkoba aliupenda sana. Kompyuta ilipima vizuri ajabu kila mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Kule Dilolo iliwahi kuthibitisha kwamba intaneti ya wakala mmoja wa forodha ilikuwa bora, huku wakala mwenyewe akiwa amekaa wiki nzima bila kufungua barua pepe hata moja. Tata Badi aliizima, akaangalia kwa macho, akaikuta modemu imefungiwa kabatini nyuma ya sahani za wageni, na ufunguo umevuka mpaka kwenda Angola na mke wa wakala. Kule Sandoa aliikuta nyingine imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chungu cha maua ya plastiki chenye maji. Kwa nini maua ya plastiki yatiwe maji, hilo halikuwa swali la fundi. Ripoti yake ilisema: "Nimeondoa maua."

Ripoti hizo fupi zilimsumbua sana Mkurugenzi wa Ufundi, bwana Dimitri Kabasele, ambaye hawezi kuripoti balbu iliyoungua bila kuanza na utangulizi. Kampuni ilipopata cheti cha huduma bora, bwana Kabasele alikipokea akiwa na suti ya kijivu. Tata Badi hakuwapo ukumbini, maana siku hiyo alikuwa juu ya bati la mtu, akitoa huduma bora.

Lakini nisipoandika habari za Mama Florentine Ntumba wa Musonoi, wasifu huu utakuwa tangazo tu, na matangazo yetu tayari yamefanya madhara ya kutosha.

Mama Ntumba ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana mtandao wa nyumbani kwake ulikuwa unakatika kila siku mchana, kuanzia kama saa nane hadi saa kumi, kisha unarudi wenyewe. Binti yake, Jémima, alikuwa ameomba nafasi katika shule moja ya wauguzi huko Lubumbashi, na mtihani wa mdomo ulifanyika kwa video. Mara ya kwanza mtandao ulikatika katika swali la pili. Shule ikampa nafasi nyingine, ikaandika wazi kwamba ndiyo ya mwisho: Alhamisi, saa tisa mchana.

Sisi tulishughulika kweli. Tulibadilisha modemu mara tatu, kadi yake ya laini mara mbili. Tulimwambia azime, ahesabu hadi thelathini, awashe, na mama wa watu akahesabu. Bwana Kabasele aliandika kurasa kumi na moja akilaumu vumbi la malori. Kumbukumbu za modemu zilionyesha jambo la ajabu: haikuwa ikizimwa. Ilikuwa na betri yake, taa zinawaka, ila kwa saa mbili haikusikia mnara hata kidogo. Mafundi walikwenda Musonoi mara nne, zote asubuhi, kwa sababu gari la kampuni lazima lirudi kabla ya saa sita ili Mkurugenzi aende kula. Asubuhi mtandao ulikuwa unakimbia kama una haraka ya kwenda kwao.

Aliyekuwa akipokea simu za Mama Ntumba ni mimi. Nilimuuliza maswali yote kumi na mawili ya kwenye fomu, kisha nikaandika: "Mteja hajui kutumia kifaa." Faili likafungwa. Hayo ni maandishi yangu na siwezi kumsingizia mwingine.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Tata Badi aliomba siku mbili za likizo yake mwenyewe, akapanda pikipiki hadi Musonoi, akakaa sebuleni kwa Mama Ntumba akinywa chai. Saa nane king'ora kikalia kutoka machimboni. Wasomaji wetu walioko mbali wajue kwamba Musonoi imepakana na mashimo, na king'ora kikilia baruti inaweza kulipuka wakati wowote kabla ya saa kumi; mlipuko huo wenyeji huuita tir. Watu hufungua madirisha ili vioo visipasuke, huteremsha vyombo vilivyo juu. Mama Ntumba akainuka bila haraka, akateremsha picha ya marehemu mume wake, akateremsha glasi, akateremsha modemu, akaifunga kwa kitenge, akaiweka ndani ya sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia harusi, na kufunika.

Tata Badi aliweka kikombe chini. Akamuuliza kwa heshima kama huwa anafanya hivyo kila siku.

"Kila siku, tata," akajibu. "Saa ya tir, bitu bya maana tunabiweka mu nyungu. Hakuna mutu aliniuliza."

Akamweleza na sababu. Modemu ya kwanza ilianguka na kupasuka katika mlipuko, na yule mama wa kwenye simu, yaani mimi, alimwonya kwamba ikivunjika nyingine hatapewa tena. Kuhusu sufuria kuzuia mawimbi, si yeye wala Jémima aliyefikiria. Tangazo la kampuni, lililotungwa na bwana Kabasele mwenyewe na kubandikwa barabara nzima, lilisema mawimbi yetu hupita kila ukuta. Sufuria ni nini mbele ya ukuta?

Kwa hiyo mama wa watu alitutii mara mbili, katika onyo na katika tangazo, na mara zote mbili tukamwadhibu.

Dawa ilionekana rahisi: modemu ibaki juu. Lakini katika nyumba ile mawimbi yanafika vizuri mahali pamoja tu, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, palepale ilipoangukia ya kwanza. Alhamisi Tata Badi alirudi na kamba ili aifunge. Akaikagua rafu, akaona nayo inashikiliwa na msumari mmoja uliochoka. Saa tisa kasoro dakika tano hapakuwa na muda wa useremala, na baruti ilikuwa haijalipuka.

Jémima alianza kujibu. Katika swali la tatu alisikia mbwa wa jirani wakinyamaza, kama wanavyonyamaza kabla ya mlipuko, akageuka kutazama rafu, jibu akaliacha katikati. Tata Badi, mwenye umri wa miaka sitini na minne na goti bovu, alikuwa amesimama dirishani, modemu ameishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

"Weye jibu maswali yabo," akamwambia polepole. "Hii, mi njo niko naikamata."

Nyumba ikatikisika. Rafu ikaanguka miguuni pake. Mtandao haukukatika. Alisimama hivyo dakika arobaini, na Jémima akajibu hadi swali la mwisho.

Leo Jémima yuko mwaka wa kwanza katika shule ile ya wauguzi. Fomu ya kazi ya siku ile Tata Badi aliijaza kwa neno moja, "Nilishika," na bwana Kabasele akairudisha kwa sababu kazi hiyo haimo katika orodha ya kazi zetu. Hilo ni kweli kabisa. Haimo.

Tata Badi, kampuni itakukabidhi saa ya ukutani. Mimi nina shukrani, na aibu kidogo, na zote mbili ni zako. Tunakuombea afya, goti lipone, na siku ndefu pamoja na wajukuu. Kuanzia Jumatatu simu za Musonoi zinabaki kwangu. Juzi nilikuomba uniachie orodha ya maswali unayowauliza wateja, ukashangaa, ukasema hujawahi kuwa nayo. Wewe huomba kiti tu, unakaa. Nimeirudisha fomu yenye maswali kumi na mawili. Nimeomba pikipiki ya kwenda Musonoi, mchana.

Annie Beya, dawati la wateja